Zamu ya Debe Moja

Mtu aliyejulikana na wengi kuliko wote pale Ifakara, zama za Mwingereza, hakuwa jumbe wala padri wala mwenye duka. Alikuwa Polikarpo, fundi wa mashine ya mpunga. Na mtu aliyekula chakula chake peke yake kuliko wote, jioni hadi jioni, alikuwa huyo huyo Polikarpo. Ukiwaambia watu hivyo wanabisha. Fundi Polikarpo mpweke? Mbona kutwa amezungukwa na watu kama yuko harusini? Ndiyo, amezungukwa. Lakini hebu fikiri mwenyewe: wale watu walimfuata yeye, au waliifuata mashine?

Mashine ilikuwa mali ya Mzee Mwinyimvua, mfanyabiashara ambaye wazee wake walitoka pwani wakaja kufungua duka bondeni. Ndani ya banda la mabati palikuwa na injini moja ya dizeli, nyeusi, yenye kishindo cha kusikika mpaka mtaa wa Lipangalala. Injini ilizungusha chuma kirefu kilichopita juu ya vichwa vya watu, na kwenye chuma kile yalikaa magurudumu ya mkanda. Ukiuvika mkanda huku, inakoboa mpunga. Ukiuhamishia kule, inasaga mahindi. Mwisho kabisa kulikuwa na msumeno wa mbao, maana Mzee Mwinyimvua akiona kitu kinazunguka bure roho inamuuma.

Kazi tatu, injini moja. Siku za mwanzo Polikarpo alijaribu kufanya mbili kwa pamoja, kukoboa na kusaga. Injini ikakohoa, ikaishiwa nguvu, mpunga ukatoka na maganda yake na unga ukatoka na punje zake, na wanawake wakamsema siku nzima. Akajifunza kwamba lazima iwe kazi moja kwa wakati mmoja. Na kuhamisha mkanda nako hakukuwa bure: upunguze mwendo, uuchomoe kwa ubao, uuvike upande wa pili, ungoje injini ipate pumzi. Ukihamahama kila anapokuja mtu na mahindi yake, siku inaishia kwenye kuhamisha na hakuna aliyekula. Kwa hiyo mahindi yalingoja kidogo mpaka yawe ya watu kadhaa, ndipo mkanda unahama, yanasagwa yote, unarudi kwenye mpunga.

Hayo ya injini yalikuwa mepesi. Watu ndio walikuwa kazi.

Kabla yake desturi ilikuwa aliyewahi anamaliza kwanza. Sasa mchuuzi wa Kiberege anawahi alfajiri na magunia yake mlima mzima, anaishika mashine mpaka jua linainama, na huku nyuma yake kasimama mama mwenye kidebe kimoja cha chakula cha watoto. Mchana unapita, watoto nyumbani wanalia, mama anangoja gunia la mwenzake. Polikarpo aliliona hilo likamkera. Ndipo akaweka sheria yake: debe moja moja. Kila mtu, awe na gunia kumi au awe na kikapu, anakoboa debe moja, kisha anakwenda nyuma ya mstari na mzigo wake uliobaki, mwenzake anaingia. Mwenye kidogo anaondoka mapema. Mwenye vingi anazunguka, anazunguka, naye jioni amemaliza, hakuonewa wala hakumwonea mtu.

Wachuuzi walipiga kelele, wakaenda kushtaki kwa Mzee Mwinyimvua. Mzee akaja kuangalia, akakuta mstari unasogea, kila mtu anaona mzigo wake unapungua kana kwamba mashine ni yake peke yake. Akacheka, akarudi dukani. Juma lililofuata Bi Kadija, mke wa mzee mwenyewe, alileta mpunga wa nyumbani akaenda moja kwa moja mbele. Polikarpo akamwambia, "Bi Kadija, shikamoo. Nyuma ya yule mama mwenye kanga nyekundu." Na Bi Kadija akaenda nyuma. Habari hiyo ilifika Mahenge, nakuambia.

Basi sifa ya Polikarpo ikawa hiyo: haki. Yule bwana hapindishi. Alikuwa akiipenda sifa hiyo, tusimsingizie unyenyekevu. Akipita njiani watu wanamwamkia kwa heshima, na moyo unamjaa. Ila mtu asiyepindisha hatembelewi. Mwanzoni walikuja nyumbani kwake wengi, huyu na kuku, huyu na samaki wa mto, wanakaa, wanamsifia, halafu neno linatoka: kesho fundi, nina mzigo kidogo, ungeniangalia. Naye anawarudisha na kuku wao. Ikafika wakati hakuna aliyekuja. Waje kufanya nini?

Alikuwa na mke, Aurelia, binti wa Chita, aliyefunga naye ndoa kanisani. Mungu hakuwajalia mtoto. Aurelia alipenda kuzungumza. Alikulia kwenye ua wenye dada na shangazi, ambako hakuna anayetwanga peke yake. Akaletwa Lipangalala kwenye nyumba ya vyumba viwili, na mume anayerudi jioni masikio yamezibwa na kishindo cha injini, pumba mpaka kwenye nyusi. Aurelia anasema hili na lile, Polikarpo anaitika "eee", anakula, anasinzia akiwa amekaa. Mchana kutwa amewasikiliza watu wote wa bonde. Mke anapata makapi yaliyobaki.

Na mpunga wa nyumba yake je? Huo alikuwa akiuweka mwisho wa mstari, asije akasemwa. Mara nyingi injini ilizimwa kabla haujafika. Asubuhi Aurelia anatoa kinu uani anatwanga, na majirani wanapita wanamtania: mke wa mashine anatwanga kwa mchi. Alikuwa akicheka nao. Wakishapita hacheki.

Mwaka mmoja habari zikaja kwamba mama yake Aurelia anaumwa. Akaomba ruhusa akaenda kumuuguza. Hawakugombana, hakuna neno baya lililosemwa; alifunga nguo zake, Polikarpo akampandisha kwenye lori, akarudi kazini kwa sababu mstari ulikuwa umeshajipanga. Mama akapona. Aurelia hakurudi.

Sasa wewe unajua desturi. Mke akikaa kwao, mume ndiye anayemfuata. Anachukua mtu mzima mmoja wa kumsemea, anachukua na kitu mkononi, anakwenda kwa wakwe, anaketi, anasema nimekuja kumchukua mwenzangu. Mke harudi mwenyewe kama mbuzi aliyekata kamba; ni aibu kwake na kwa wazee wake. Polikarpo aliyajua hayo yote. Alikusudia kwenda. Alitaka kwenda kwa moyo wake wote, maana nyumba ile bila Aurelia ilikuwa imemgeuka. Akifika jioni anawasha moto mwenyewe, anapika ugali mkubwa kuliko tumbo lake kwa kusahau, anakaa mbele ya sahani. Hapo ndipo alipoanza kusikia ukimya. Alikuwa akisema "eee" wakati hakuna aliyesema neno.

Lakini aende lini? Wakati wa mavuno mstari unafika barabarani. Hawezi kuwaacha watu. Mavuno yakiisha, mvua inakatiza njia ya Chita, mto Ruipa unajaa, malori hayapiti. Akajiambia, kazi ikipungua. Seifu, dereva wa lori lililokwenda Chita kununua mpunga, alimletea salamu: "Wakwe zako wanakusalimu, fundi. Wanauliza kama una afya." Mtu hahitaji kufafanuliwa hapo. Polikarpo akajibu, "Waambie nina afya, nangoja kazi ipungue." Seifu akamtazama, akapanda lori lake.

Mavuno mengine yakafika. Siku hiyo mstari ulikuwa umezunguka banda. Polikarpo yuko kwenye mdomo wa mashine anapokea debe, anamimina, anachungulia mchele unavyotoka, na sauti ikamwambia, "Habari za kazi, fundi." Akainua macho. Aurelia, kitambaa cheupe kichwani, debe la mpunga mikononi na kikapu cha pili chini, miguu yote vumbi la njia ya Chita. Amekuja na lori la Seifu, amejipanga kwenye mstari tangu asubuhi kama mtu mwingine yeyote, na zamu yake imefika.

Polikarpo aliona furaha mpaka ikamuuma. Akamwaga punje chini. Akapokea debe, akalimimina taratibu sana.

"Mama hajambo?" aliuliza, akipaza sauti juu ya injini.

"Hajambo. Amepona tangu mwaka jana."

"Namshukuru Mungu."

"Umekonda," Aurelia alisema.

"Kazi."

Aurelia aliwatazama wanawake waliokuwa nyuma yake, kisha akasogea karibu na sikio lake. "Polikarpo, nina neno nataka kukuuliza. Nimesema nikuulize mwenyewe, wazee wangu hawajui. Hivi wewe—"

Mashine ikabadilisha mlio, ule mlio mkavu wa kuzunguka tupu. Debe limekwisha. Mchele mweupe uko kwenye karai, na mama aliyefuata ameshainua la kwake kifuani, amesimama. Polikarpo akaitazama mashine, akamtazama mama yule, akamtazama mkewe. Kisha akasema, na alisema kwa upole, kwa mapenzi kabisa: "Nenda nyuma na kikapu chako, zamu ya pili utaniambia yote. Nitakusikiliza vizuri."

Aurelia akainama. Akachota mchele wake, akabeba kikapu, akaenda nyuma.

Msidhani Polikarpo hakujali. Alikuwa akikoboa huku macho yako kwenye kile kitambaa cheupe. Kilikuwa mbali, kikasogea. Mahindi yakawa yamefika ya watu wa kutosha. Akahamisha mkanda, akasaga, akaurudisha. Kitambaa kikasogea tena. Moyoni alikuwa ameshapanga maneno: atamwambia nyumba imekuwa kaburi, atamwambia mwezi huu huu nakuja kwenu. Wakabaki kama wanawake watano mbele ya Aurelia.

Honi ya lori ikalia barabarani. Seifu amepakia, anataka kuvuka mito kungali na mwanga. Ikalia tena. Aurelia akageuka kuangalia barabara, kisha akamwangalia mumewe.

Mbele ya mstari alikuwepo Klementina, mjane wa Lipangalala, jirani yao tangu zamani. Yeye alielewa mambo upesi. Akalishusha debe lake chini, akasema kwa sauti ya kusikika, "Fundi, mpitishe Aurelia, lori linamwacha. Sisi tutangoja." Na wale wengine wakaitikia, wakajisogeza pembeni, wakaacha njia. Hakuna aliyenung'unika. Mstari mzima, pamoja na wachuuzi wenye magunia, walikuwa wamempa ile zamu kwa mikono miwili.

Polikarpo akawatazama. Ile sifa yake ikampanda kichwani. Sijui niseme nini kingine. Akasema, "Hapana. Leo nikimpitisha mke wangu, kesho nitamzuia nani? Kila mtu na zamu yake. Klementina, leta debe."

Klementina hakuleta debe. Aurelia, pale alipokuwa, akatikisa kichwa polepole kama mtu aliyekuwa akiuliza na sasa amejibiwa. Akasema, "Ni kweli. Ni haki kabisa." Akajitwisha kikapu chake cha mpunga na maganda yake, akatoka kuelekea barabarani. Lori likaondoka.

Klementina ndipo akanyanyua debe. Alilimimina mwenyewe, bila kungoja kupokelewa, na mpunga ukiwa unashuka akamwinamia fundi.

"Polikarpo, Chita vinu vimekwisha?"

"Vinu gani?"

"Nakuuliza. Chita hakuna kinu wala mchi? Mtu abebe mpunga kutoka Chita, apande lori, alale njiani, avuke mito yote ile, aje akoboe videbe viwili Ifakara? Wewe ulifikiri amefuata mchele?"

Polikarpo angeweza kuvua kofia yake iliyojaa pumba akatoka mbio. Lori la Seifu halikuwa na mwendo, na pale mto Lumemo husimama kutia maji. Alilifikiria hilo. Halafu akautazama mstari, wanawake na watoto wao migongoni. Debe la Klementina likaisha. Akasema, "Mwingine." Akakoboa mpaka mtu wa mwisho.

Nyumbani alilia. Alilia akiwa amekaa jikoni, jua bado halijazama, mlango wazi, na hakuna jirani aliyepita akamkuta.

Sasa mtu mwingine angeamka kesho yake akaenda. Yeye alisema, ngoja nimalize wiki hii, watu wameshaacha magunia yao. Wiki ikaisha, akasema mwezi. Mke wake alikuwa ameshika nafasi yake kwenye mstari, na mbele yake kulikuwa na bonde zima la Kilombero. Mvua zikashuka. Ruipa ukajaa. Alikaa msimu wote akisikiliza mabati, akipika ugali mkubwa.

Alikwenda njia ilipokauka. Alimwambia Mzee Mwinyimvua kwamba anaondoka, na mzee akasema, "Nenda, mwanangu, kwani nani alikukataza?" Maneno hayo yalimchoma kuliko tusi. Ni kweli, hakuna aliyemkataza. Hakutafuta mtu mzima wa kumsemea. Alipofikiria nani amwombe, hakupata jina.

Alifika Chita mchana kwa lori la Seifu. Ua ulikuwa na wanawake na watoto, vicheko, michi miwili inapokezana kwenye kinu kimoja. Aurelia alikuwa ameshika mmoja. Alipomwona aliuweka chini, akafuta mikono, akaja kumpokea mzigo. Akamletea kigoda, maji ya kunawa, wali na samaki mbichi wa mchuzi. Mama mkwe alimsalimu kwa mbali kama ilivyo heshima, akawaacha. Polikarpo alikula. Kila kitu kilikuwa sawasawa, hakuna kilichopungua, na alipokuwa akila ndipo alipotambua kwamba hivyo ndivyo wanavyomkaribisha mtu yeyote anayeingia pale.

"Nimekuja kukuchukua," alisema.

"Nimeona."

"Nyumba imenishinda, Aurelia. Nakaa mle kama mtu aliyesahauliwa. Nilikosea siku ile."

Aurelia alichora chini kwa kidole cha mguu. Hakuwa na hasira; angekuwa na hasira Polikarpo angepata pa kushika.

"Siku ile ungenifuata," alisema, "hata ungenikuta Lumemo. Ningeshuka kwenye lori na kikapu changu. Nilikuwa nimekaa upande wa nyuma, naangalia njia. Mpaka Ruipa nilikuwa naangalia."

"Watu walikuwa wengi."

"Najua. Na hukuwakosea. Kila anayetoka Ifakara anakusifu hapa, na mimi naitikia, ndiyo, mume wangu ni mtu wa haki." Akainua macho. "Lakini haki ningeipata hata kwa jumbe, Polikarpo. Kwako nilitaka upendeleo. Kidogo tu, mara moja. Hata wale wanawake walinipa, wewe ukakataa."

Maneno aliyoyapanga Polikarpo msimu mzima yalikuwa pale, akayaona, hakuna hata moja lililofaa.

"Na sasa?" aliuliza.

"Sasa nimezoea kuzungumza na watu," alisema Aurelia. "Siwezi tena kurudi kwenye 'eee'."

Wanawake kwenye kinu walikuwa wakimwita. Seifu naye alikuwa amegeuza lori, alitaka kuondoka. Polikarpo akasimama, akaaga, mkwe akamtakia heri. Aurelia akamsindikiza. Walitembea pamoja, mume mbele na yeye nyuma, mpaka kwenye miembe miwili ya njia panda, pale ambapo watu wa ua ule huagana na mgeni. Wageni wote husindikizwa mpaka hapo. Polikarpo alipunguza mwendo, akapita ile miembe polepole, akitega sikio asikie kama nyayo za mkewe zinaendelea kumfuata hata kidogo.

Aurelia alisimama penye miembe. Akasema, "Safari njema, fundi," akarudi nyumbani.